Koko Delphine na Farasi wa Ofisi

Polycarpe alipewa farasi kwa sababu alijua kupiga mashine ya kuandikia. Mwaka wa 1974, mzungu mmoja wa shamba la kahawa kule Mudaka alirudi kwao, na ofisi ya kilimo ya Bukavu ikamtuma Polycarpe kuandika vitu vyote vilivyobaki. Akaandika: matanki manne, mizani mbili, baiskeli moja isiyo na gurudumu, farasi mmoja mweupe, mzee. Directeur, mkuu wa ofisi, aliisoma karatasi ile mara mbili.

"Citoyen, hii farasi ni weye uliiandika?"

"Ndiyo, Citoyen Directeur."

"Basi utaichunga weye. Kisha mwezi moja kutakuwa défilé, maandamano ya sikukuu. Nitapita mbele ya tribune, jukwaa ya bakubwa, juu yake."

Polycarpe alikuwa na miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Nyantende, baba wa Valérie na wengine wanne. Kwenye karatasi za ofisi aliitwa Citoyen, yaani raia, Mushagalusa, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini nyumbani alibaki yuleyule Polycarpe. Alijua wino na karatasi. Wanyama hakuwajua, hata mbuzi, labda akiwa kwenye sahani.

Ofisi haikuwa na majani, kwa hiyo farasi akapelekwa kwenye kiwanja cha Polycarpe, Nyalukemba. Majirani wakajaa uani kumtazama yule ng'ombe asiye na pembe. Farasi akala majani, akanywa maji, akala na maua ya jirani. Lakini Polycarpe alipovuta kamba na kusema "Twende," alisimama kama nguzo ya kanisa.

Akamwendea Lucien, mganga wa wanyama.

"Farasi inafundishwa na kitu tamu," Lucien akamwambia. "Ikitembea, uipatie. Ikisimama, usiipatie. Na uipatie palepale, kidogo, isisahau ni ju ya nini."

Polycarpe akaanza na karoti. Farasi akaizungusha mdomoni, akaiangusha. Akajaribu mahindi makavu, yakamrudia kwenye shati. Akajaribu muwa, farasi akautafuna kwa muda mrefu hivi hata mwalimu mwenyewe akasahau alikuwa anafundisha nini.

Ndipo Martine, mkewe, alipotoka jikoni, akamfungua farasi mdomo bila woga, kama mtu anayechungulia sufuria.

"Papa Valérie, unasumbuka bure. Hii muzee iko na meno kama ya mama yangu."

Mama yake, Koko, yaani bibi, Delphine, aliyeishi nao, alikuwa na meno matatu, na hayo matatu hayakukutana. Akasikia.

"Kumbe!" akapaza sauti toka jikoni. "Kwa mukwe wangu bananilinganisha na farasi!"

Polycarpe aliona haya ya kufa. Alikuwa amelelewa asimtazame hata kidogo mama mkwe akila. Lakini baada ya siku mbili za kununa, Koko mwenyewe ndiye aliyetoa shauri: wamletee yeye kila kitu kwanza. Kama yeye anakimeza upesi, na farasi atakimeza upesi. Kipimo kingekuwa sala. Akitia kitu mdomoni, angeanza Salamu Maria moyoni, na pale atakapomeza wangejua.

Basi vipande vikaingia jikoni kwenye sahani. Polycarpe akakaa nje, mgongo kwenye mlango, kalamu mkononi, na Martine akawa mjumbe kati yao.

"Karoti ya kuchemsha," Martine akatangaza. "Amemeza kwa 'Bwana yu nawe'."

"Papai?"

"Hata 'Salamu' haikuisha. Lakini angalia nguo yake!"

Papai likaachwa, maana lingechafua mifuko ya mwenye kulibeba. Ndizi mbivu ilikuwa laini lakini ilinata vidoleni. Kiazi kitamu kilichochemshwa, kikaachwa kipoe na kukauka kidogo, kikashinda: kilimezwa upesi, kilikatika vipande vya ukubwa wa kidole, hakikuchafua mfuko.

"Na avoka?" Koko akauliza.

Lucien alikuwa amesema avoka, yaani parachichi, ni sumu kwa farasi.

"Basi ile nitaipima miye peke yangu," akasema Koko, akaipima yote.

Siku ya kwanza Polycarpe alinyoosha kiganja wazi, macho amefunga. Midomo ya farasi ikapita juu ya ngozi yake, laini kama shavu la mtoto mchanga. Akafungua macho. Kiazi hakipo, vidole vyote vitano vipo. Akacheka peke yake pale uani. Hatua moja, kipande kimoja. Kisha hatua tano. Kufika juma la tatu walikuwa wanashuka mpaka ziwani, kipande kimoja kila hatua kumi, na Polycarpe akimsimulia habari za ofisi.

Siku ya défilé, Directeur alifika na abacost mpya, suti rasmi ya wakati ule. Mazoezi hakufanya hata moja. Alisema amekwisha kuona farasi wengi kwenye sinema. Polycarpe, kwa sababu ya viatu vyake vilivyochoka, aliambiwa abaki nyuma.

"Basi mukamate hivi viazi, Citoyen Directeur. Kila hatua kumi..."

"Bijumbu ndani ya abacost? Uko na akili kweli?"

Farasi akatembea hatua kumi, vizuri kabisa. Akasimama. Akageuza shingo, akangoja mshahara wake. Directeur akampiga visigino. Bendi ya fanfare iliyokuwa nyuma ikagongana, ngoma kubwa ikamwangukia mpiga tarumbeta. Farasi akainua pua, akanusa, akauacha mstari, akaingia katikati ya watu na Directeur juu yake, mpaka mbele ya Koko Delphine, aliyekuwa ameketi na kiazi chake cha saa sita ndani ya jani.

"Maman, fukuza hii nyama!" Directeur akalia.

"Weye kaa vizuri, mutoto. Yeye alishatumika kazi, hamukumulipa."

Akampa kipande kwenye kiganja wazi. Halafu akasimama, akafunga kitenge sawasawa, akashika kamba, akatangulia. Mbele ya tribune hatua ya kumi ikafika. Farasi akasimama, akainamisha kichwa chini kabisa kupokea chake, na mtu wa kipaza sauti akapiga kelele: "Mulimaji wa Zaïre na farasi wake wanasalimia!" Tribune nzima ikapiga makofi. Directeur akapiga saluti kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika manyoya ya farasi.

Jumatatu Polycarpe aliingia ofisini na barua mbili mfukoni, moja ya kuomba msamaha, nyingine ya kuacha kazi. Akamkuta Directeur anafanya kazi wima, maana kukaa kulimshinda.

"Bakubwa balifurahi," Directeur akasema. "Lakini miye sipandi tena. Andika kama farasi imeenda pensio."

Polycarpe akaiandika barua hiyo ya pensio bila kufuta hata herufi moja. Farasi akapelekwa Nyantende, kwa ndugu za Polycarpe, akaishi huko miaka minne, akila majani mororo na kupelekewa viazi kila Jumamosi. Farasi alipokufa, Polycarpe hakwenda kazini siku mbili. Wenzake walipouliza ni nani aliyefariki, akajibu, "Mutu wetu moja," nao wakamchangia sukari na mchele, wakamletea nyumbani na pole nyingi. Martine akavipokea, macho chini, kama mfiwa.