Mke wa Mtu

Mtaa wa Gerezani, fundi hasemi injini ni orijino. Orijino ni neno la wenye maduka, na Kariakoo ya siku hizi hata feki inaandikwa orijino kwenye boksi. Mafundi wana lao. Injini iliyozaliwa na gari lake wanaiita mke wa ndoa. Iliyong'olewa kwenye gari jingine ikapachikwa, hiyo ni mke wa mtu. Na mke wa mtu, kila mwenye akili anajua, ni sumu.

Maneno hayo aliyapandikiza Mwinyimvua, enzi hizo mdomo wake ukiwa mwepesi kuliko mikono. Sasa ni mtu mzima, goti linamsumbua, mkewe kamkataza chumvi naye hakataziki. Lakini ukitaka kujua kama gari la zamani lina injini yake au limepachikwa nyingine, hata Buguruni watakwambia nenda kwa Mwinyimvua. Sifa hizo alizipenda mno. Ndizo zilizomponza.

Ng'ambo ya gereji yake, mwanamke aitwaye Anifa anauza chai na maandazi. Mumewe, Rajabu, alikuwa dereva wa teksi, mwenye Pijo 504, rafiki wa Mwinyimvua wa kufa na kuzikana. Kuzikana ndiko kulikoshindikana. Asubuhi moja Rajabu alichukua abiria wa Bagamoyo, na tangu siku hiyo si yeye, si abiria, si gari. Polisi wakaandika wakachoka. Ndugu wakataka kusoma hitima, Anifa akawakatalia. Na eda hakukaa. "Eda ni ya aliyefiwa," aliwaambia, "na mimi maiti sijaonyeshwa." Watu wakasema weee mpaka midomo ikakauka. Miaka imepita, naye kila Pijo likipita barabarani anageuza shingo, na Mwinyimvua akimwona roho inamuuma.

Basi mchana mmoja wa jua kali akaja mtu aliyejitaja kwa jina la Samson. Shati limenyooka, sauti ya chini, na Pijo 504 jeupe lililopakwa rangi upya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimeambiwa wewe ndiye unayejua. Niambie tu, injini hii ni yake?"

Hakusema anauza wala ananunua. Mwinyimvua angepaswa kuuliza, lakini mtu akishasifiwa tena anauliza nini? Alifungua boneti, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akasugua pale penye namba. Ikatokea, na ililingana na ya kwenye kibao cha bodi. Asiyejua angefunga boneti akaenda zake. Yeye aliitazama tarakimu ya tisa. Vyuma vya kugongea namba vinavyouzwa mtaani havina tisa, fundi huichukua sita akaigeuza kichwa chini. Kiwandani tisa ina chuma chake, mkia wake umenyooka. Hii mkia ulikuwa umejikunja, yaani imegongwa mtaani ili ilingane na kibao.

"Huyu mke wa mtu," akasema, akicheka.

Samson akauliza maana yake, akaelezwa, akacheka na yeye. Ingeishia hapo. Lakini Mwinyimvua bwana, akishapata wa kumsikiliza haachi. Akachukua tochi, akajipinda na goti lake bovu, akamulika chini ya eksozi ili aongeze maneno.

Pale chini palikuwa na kiraka cha shaba, kadiri ya punje ya haragwe.

Alikichomelea yeye mwenyewe. Bloku la injini ya Rajabu lilipasuka likawa linavuja maji, naye alipoona ile shaba inang'aa alicheka mpaka akakaa chini. "Umeitia jino la dhahabu," alisema, na jioni alifika nyumbani akamsimulia mkewe. Mtaa mzima ulilijua lile jino. Mwinyimvua alibaki ameinama, hataki kuinua uso.

"Vipi, mzee?"

"Aa, macho ya uzee haya. Nimekosea. Ni mke wa ndoa huyu, ni yake kabisa."

Samson alifuta vidole vyake kwa leso, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Anifa akavuka na glasi ya chai. "Shemeji, yako hii. Mgeni naye nimletee?"

Samson alimtazama kwa kina kuliko mteja anavyomtazama muuza chai. "Usijali, dada. Nitakunywa siku nyingine."

Anifa akarudi kwenye jiko lake. Samson akangoja mpaka Anifa alipofika kule.

"Mzee, nimepita kwa mafundi wawili kabla yako. Wote waliiona ile tisa, wakasema injini si yake, wakaishia hapo. Na wewe ulisema hivyohivyo, mpaka ulipomulika kule chini." Akashusha boneti taratibu, kwa viganja viwili. "Kwamba ni mke wa mtu nilikuwa najua. Nilikuwa natafuta anayemjua mume, kabla hajamwambia mtu."

Mwinyimvua alitaka kusema simjui. Ulimi ukatoa mengine. "Yuko wapi?"

"Huyo hadai tena." Akaonyesha ng'ambo kwa kidevu. "Yule ndiye mkewe?"

Mwinyimvua akanyamaza. Alijutia kunyamaza kule papo hapo, maana kulikuwa jibu tosha.

Pijo likaondoka, likasogea mpaka kona, likasimama. Injini haikuzimwa.

Hapo sasa hakikubaki cha kuficha. Mwinyimvua alivuka barabara na glasi yake ya chai mkononi, haijaonjwa. Anifa alikuwa amekwisha kugeuza shingo kuelekea kona.

"Shemeji," akasema Anifa, "ule mngurumo."

"Nimefungua boneti. Nimeiona."

"Ina jino?"

"Ina jino. Na aliyeileta kaniambia mumeo hadai tena." Akameza mate. "Zima jiko, Anifa. Pitia uchochoro wa nyuma uende kwa kaka yako, ukakae eda."

Anifa hakulia. Alimwagia maji makaa, moshi ukapanda, akafunika maandazi yaliyobaki. Halafu akavua hereni zake, moja, kisha ya pili, akaziweka ndani ya kopo la sukari na kulifunga.

"Na wewe, shemeji?" akauliza. "Wewe utapita wapi?"

Mwinyimvua hakuwa amefikiria hilo. Pale kona, Pijo lilikuwa limeanza kurudi nyuma, kuelekea kwao.