Bibi yangu alikataa kuitwa maskini mbele ya mkutano wa kijiji, na mimi msomi wa sera za jamii nimekaa pale pale

Wakuu, habari za saa hizi.

Hii nawasimulia kama ilivyokuwa, sijaongeza chumvi. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye haraka apite tu, tutaonana kwenye nyuzi za mpira.

Mimi ni Mfipa wa Mwazye, wilaya ya Kalambo. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika habari za radi na uchawi wa Sumbawanga. Tulia mkuu, leo hakuna hayo.

Nimelelewa na bibi mzaa mama, Bibi Skolastika. Mama yangu alihamia Kirando kwenye biashara ya dagaa nikiwa mdogo, akaniacha uwandani kwenye baridi na bibi. Sijawahi kulalamika. Mtu aliyelelewa na yule mama hana cha kulalamikia.

Baadaye nikasoma, nikafika chuo, na shahada ya pili nikachukua sera za jamii. Kwa lugha rahisi tunasoma swali moja tu: mtu akizeeka, akiugua au akikosa kazi, nani amtunze? Ndugu, jirani, au serikali?

Ukiwa darasani swali hilo ni tamu sana. Unachora mishale ubaoni, unataja nchi za wenzetu, unapata alama zako unaenda kula chipsi.

Ukafika wakati wa kwenda field. Mada yangu ilikuwa jinsi vijiji vinavyochagua kaya maskini za kuingizwa kwenye mpango wa ruzuku. Ule utaratibu wa wanakijiji kukaa kwenye mkutano na kutajana hadharani nani hana uwezo. Darasani tunauita targeting.

Msimamizi wangu alinishauri nichague kijiji nisichokijua. Nikachagua Mwazye.

Nilimpa sababu za kitaalamu, lugha na urahisi wa kufika na nini na nini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepakumbuka nyumbani mpaka naumwa. Dodoma hakuna ule upepo. Hakuna mtu wa kuniita "mume wangu" asubuhi, maana bibi zetu mnawajua kwa utani.

Nilifika mvua zikielekea ukingoni, majani yamesimama kiunoni. Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanishika uso kwa mikono miwili kama anayepima boga sokoni, akasema nimekonda kwa sababu nimeoa wengine mjini.

Wakuu, alikuwa amezeeka. Miguu imevimba, anatembea na fimbo. Paa la jikoni linavuja. Sisi wajukuu huwa tunatuma kitu tunapokumbuka, na mnajua wenyewe mtu wa mjini anakumbuka mara ngapi.

Nikajisemea moyoni, bora nimekuja. Mpango unaingia kijijini wiki hii hii. Kama kuna kaya ya kusaidiwa Mwazye nzima, ni hii. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, Bibi aingie kwenye ule mpango apate uhakika wa kula na dawa.

Sasa kuna jambo lazima niwaeleze wasio wa kwetu.

Ufipani tunalima kwa matuta ya duara. Majani marefu yanakatwa, yanakusanywa, yanafukiwa chini ya udongo yaoze. Pale juu unapanda maharage, msimu unaofuata unatawanya udongo na kupanda ulezi. Ni kazi nzito, mtu mmoja haiwezi. Kwa hiyo mwenye shamba anapika pombe ya ulezi na kualika watu. Wanakuja na majembe yao, wanalima, wanaimba, jioni wanakunywa.

Yule aliyealika siku hiyo ndiye mwenye watu. Hata kama nyumba yake inavuja.

Na Bibi alikuwa amealika Jumamosi. Nilikuta mitungi tayari, jirani yetu Mama Dafrosa anamsaidia kukoroga. Nikachungulia ghalani. Ulezi aliopikia ile pombe ndio ulikuwa chakula chake cha mwisho.

Nikaufunga mlango wa ghala. Ila usingizi uligoma.

Siku ya mkutano ikafika, tukakusanyika uwanja wa shule. Maofisa walitoka wilayani, anayeongoza ni dada mmoja mpole mwenyeji wa Mbeya. Akaeleza vizuri kabisa, akaomba watu wataje kaya zisizojiweza. Mimi nimekaa pembeni na kalamu yangu. Msimamizi alishanionya kwamba mtafiti anatazama, hachangii.

Zikatajwa kaya kadhaa. Kisha Mama Dafrosa akasimama akamtaja Bibi Skolastika.

Nikaishika kalamu, nikasubiri.

Akainuka Mzee Melkiadi, aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu babu. Akavua kofia, akaongea taratibu.

"Skolastika ametualika kulima Jumamosi. Mtu mwenye kualika watu, tunamwekaje na wasio na kitu?"

Watu wakaguna kukubali. Na msidhani walikuwa na roho mbaya. Walikuwa wanamheshimu! Mzee Melkiadi alikuwa anamtetea heshima yake mbele ya wageni. Wote pale walijua ghala lake likoje, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Yule dada wa Mbeya akamuuliza Bibi mwenyewe anasemaje. Bibi akajikongoja akasimama, kaegemea fimbo.

"Mimi nina watu," akasema, akakaa.

Basi. Wakaenda kaya nyingine.

Kitaalamu hilo lina jina lake, tunasema mlengwa ameachwa nje kimakosa. Nimelijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Siku ile nilitamani nitupe kalamu nipige kelele kwamba huyu mama anakula mlo mmoja. Nikakaa. Hasira niliyotoka nayo pale siwezi kuieleza.

Tulipofika nyumbani nikamshukia. Nikamweleza faida zote za ule mpango, nikamwambia heshima hailiwi, nikamwambia Jumamosi wakishakunywa wataondoka na wewe utabaki na njaa yako. Nilihutubia kama mbunge. Yeye anachambua maharage tu, hanyanyui kichwa.

Nilipomaliza, akaweka ungo chini.

"Mume wangu, nikishatangazwa kwamba natunzwa na serikali, wewe utakuja kufanya nini hapa?"

Nikakumbuka kwamba hata safari ile nilikuwa nimekuja na barua ya chuo.

Wakuu, nimesoma maandiko mengi kuhusu suala hilo. Kuna wataalamu wanabishana miaka na miaka kwamba serikali ikimtunza mzee, je ndugu wanarudi nyuma? Wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema hapana, kila upande una majedwali yake. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mzee mahali fulani analiwaza swali hilo hilo peke yake jikoni, na kwake jibu ni mimi.

Jumamosi nikalima. Watu walikuja, ingawa si kama zamani. Vijana wengi wako kwenye bodaboda huko Matai na Sumbawanga mjini. Zamani nakumbuka shamba lilijaa mpaka watoto tulifukuzwa tusikanyagwe, na nyimbo zilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Natamani mngeziona siku zile. Natamani nizione tena mimi mwenyewe.

Mikono ilichubuka, wakanicheka sana. Kila nikipumzika mtu anauliza kama msomi anaandika ripoti.

Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mitungi. Kila aliyemaliza sehemu yake alimfuata, naye Bibi akampimia pombe kwa mkono wake, akamuuliza habari za mkewe, mtoto anayeumwa, ng'ombe aliyepotea. Miguu imevimba lakini uso unang'aa. Nikaelewa alichokuwa anakinunua kwa ulezi wake wa mwisho. Alikuwa ananunua siku moja ya kuwa na watu uani.

Nikarudi chuo nikaandika. Nilipendekeza pensheni ya wazee wote, kwa umri tu, bila mkutano wala kutajana. Msimamizi akaniuliza kwa nini nimebadilika, maana mwanzo nilikuwa mtetezi mkubwa wa kuchuja walengwa. Nikampa sababu za kitaalamu, nimeshazoea.

Lakini kabla sijaandika nilimpigia Bibi kupitia simu ya Mama Dafrosa. Nikamuuliza, je wangekupa kwa sababu umefikisha umri tu, na Mzee Melkiadi naye anapewa, na mke wa mwenyekiti naye anapewa?

Akafikiri. Akasema hiyo angeipokea, hakuna ubaya kupokea kinachopewa wazee wote. Nikamuuliza angeifanyia nini. Akasema angenunua ulezi, aalike watu hata wa kijiji cha pili.

Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumba akatoka kuangalia.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba msaada unaomtaka mtu akubali kwanza hadharani kwamba hana kitu, wengine wataufia njaa. Na si ujinga. Serikali ifanye sehemu yake, tena ifanye haraka, naliamini hilo kuliko zamani. Ila kuna sehemu nyingine ambayo hakuna wizara itakayoifanya, na hiyo ni ya kwangu na ya kwako.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Majani yamesimama tena uwandani. Juzi Mama Dafrosa amenipigia kwa siri. Bibi amealika tena, na amemkataza asiniambie, hataki nije kwa kuonewa huruma.

Nikampigia mwenyewe. Tukaongea mvua, tukaongea kuku. Kuhusu kulima hakugusa kabisa. Mwisho nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza nikija nimletee nini.

"Nimekwambia nimepungukiwa na nini?"

Kisha akasema polepole:

"Ila kama unakuja, uje Ijumaa. Jumamosi watu watakuwa wengi, nitakosa nafasi ya kukutazama."

Ruhusa nimeomba, tiketi nimekata. Wenye bibi na babu zao bado wapo huko uwandani, Milepa, Kirando au popote, njooni mseme hapa chini, mara ya mwisho mlikwenda lini bila kuwa na shughuli nyingine?