Mayai ya Tarehe Tisa Aprili

Loretta Vasko amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumvalisha. Miaka yote niliyofanya kazi ya mavazi kwenye studio za filamu hapa Burbank, ikitakiwa maiti anaitwa Loretta. Akitakiwa muuguzi wa kusema "daktari yuko njiani," anaitwa Loretta. Watu humkodolea macho sokoni: "Samahani, tumeonana wapi vile?" Naye huwajibu, "Mochwari."

Halafu akapata nafasi kwenye tamthilia ya runinga, ile ya watu kuiona kesho yao. Mji mzima unazimia, na kila mtu anaona dakika moja ya tarehe tisa Aprili ijayo. Asiyeona kitu, ujue atakufa kabla ya siku hiyo. Loretta aliigiza karani wa polisi, na karani hakuandikiwa kuona chochote.

Sisi wa kazini tulijua maana yake. Aliyeiona Aprili ana kazi mpaka Aprili, maana mwandishi hawezi kumuua. Asiyeona anaweza kugongwa na gari wiki ijayo. Na msidhani Loretta alitaka umaarufu, hata kidogo! Mumewe, Wendell, alikuwa na saratani ya damu, na vidonge vilivyomweka hai vililipiwa na bima ya chama cha waigizaji. Kazi ikikatika, bima nayo inakatika.

Basi siku moja mchana, kwenye foleni ya chakula, akamvaa Krantz, mwandishi mkuu.

"Bwana Krantz, nipe kesho."

"Kesho gani, mama?"

"Yoyote. Hata ya kuosha vyombo."

"Lo! Karani wako nilishampangia risasi."

"Mpe Todd hiyo risasi. Todd hana mke."

Todd mwenyewe, mwigizaji mwenzake aliyekuwa pale pale kwenye foleni, akapaliwa na supu, watu wakaangua kicheko. Loretta hakucheka. Alipiga magoti pale pale kwenye lami, soksi nilizotoka kumvalisha zikachanika. Nilipandwa na hasira hata nikataka kumzaba mtu kofi, sijui nani. Krantz akaona haya. "Inuka, mama. Utapata."

Kwa dakika yake ya Aprili nilimchagulia gauni la njano. Anakaanga mayai, anageukia mlango, anasema: "Wendell, njoo, mayai yanapoa." Jina hilo aliliomba yeye mwenyewe, na Krantz, Mungu ambariki, akaliacha.

Ilipoonyeshwa nilikuwa kwao. Wendell alikuwa fundi wa mabasi, mtu wa utani mpaka kitandani.

"Umesikia, Irma? Nimeandikwa! Hata kufa siruhusiwi mpaka nile mayai."

"Na mayai ya mkeo unayajua."

"Ndiyo maana wameniambia mapema, nijiandae."

Loretta alicheka huku machozi yanamtoka. Na mimi, ninayejua kila pini iliyoshikilia uongo ule, niliamini.

Watazamaji wakapungua. Kabla ya Krismasi tukaambiwa tufungashe virago, tamthilia imekwisha, mafumbo yote yamebaki hewani. Mwaka mpya ukaja, bima ikakoma. Loretta aligonga kila mlango. Alikuwa tayari kuwa maiti, mguu wa maiti, chochote. Akampigia Krantz, kumbe naye anatafuta kazi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Wendell alikuwa akimeza kidonge siku moja na kuruka siku ya pili, ili visiishe. Viliisha hata hivyo. Tukamzika mwezi Machi.

Aprili tarehe tisa, asubuhi, simu ikalia.

"Irma, lile gauni unalo?"

Nilikuwa nalo. Nililificha mavazi yalipokuwa yanauzwa. Nikampelekea, nikamfunga zipu. Lilimpwaya vibaya, nikalibana kwa pini mgongoni kama tunavyofanya siku zote. Meza ilikuwa na sahani mbili. Akavunja mayai, akakaanga, akageuza shingo vile vile alivyoelekezwa siku ile.

"Wendell, njoo, mayai yanapoa."

Mlango ulikuwa wazi. Hakuja mtu.

Akarudi kwenye jiko, akajifuta uso kwa kiganja. "Nimeharakisha," akasema. "Narudia."

"Loretta, mwenzangu, basi. Inatosha."

"Sogea pembeni, Irma. Unaonekana kwenye picha."

Nikasogea mpaka ukutani. Akageuza shingo, akaita tena.