Bendera ya Tatu ya Fundi Friji

Jina lake kamili, kama linavyosomeka juu ya lango analolilinda kwenye mchezo wa simu, ni Bi Mkasi wa Lango la Mashariki, fundi sare, binti wa fundi mahema, mjukuu wa mwanamke aliyeshona magunia ya kiwanda mpaka vidole vikasahau kunyooka. Ndiye aliyevalisha shule tatu na hospitali moja. Ndiye aliyeshika lango siku tisini bila kuangushwa, na miaka yake sitini na minane. Na ndiye aliyeandika, kwa kalamu ya wino, daftari la sheria la kikosi chao cha watu kumi na wawili, daftari ambalo hakuwahi kulifuta hata nukta.

Watu wakikwama, humwendea yeye. Mchezo wenyewe si mgumu. Unalima ngano, unasubiri ikomae, unavuna, unalisha askari, mnalinda ngome pamoja na wenzenu msioonana nao. Ugumu uko kwenye simu za watu. "Bi Mkasi, askari wangu wameganda." "Bi Mkasi, naruhusiwa kuvuna shamba la aliyelala?" Naye huondoa mguu kwenye pedali ya cherehani na kujibu kwa mkato, kama anayekata nyuzi zilizobaki. Zima, washa. Punguza picha za harusi, simu imevimbiwa. Hapana, aliyelala haibiwi; kasome sheria ya tano.

Asubuhi hiyo swali lilikuwa zito. Fundi Friji, mjane aliyetengeneza majokofu maisha yake yote, alikuwa na bendera nyekundu mbili ubavuni mwa jina lake. Mchezo hukagua simu za wachezaji mara moja kwa wiki. Anayeonekana kuchezea saa hupewa bendera, kwa kuwa ukiisogeza saa mbele, ngano ya kusubiriwa nusu siku inakomaa papo hapo. Bendera ya tatu humtoa mtu, na akitoka hapokelewi tena. Ukaguzi wa tatu ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi jioni.

Mwingine angesema, si mchezo tu? Bi Mkasi alijua zaidi. Binti wa Fundi Friji alikuwa muuguzi nchi ya mbali, na saa kumi ya huku ndiyo mapumziko yake ya kule. Wakipigiana simu, baba na binti walijuliana hali, wakaishiwa maneno. Langoni mwa mchezo walikaa nusu saa bega kwa bega wakitaniana kama watoto. Hapo tu ndipo walipobaki na la kuambiana.

Kinyozi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko nyembe zake, alianza mapema kwenye baraza, yaani ukurasa ambao kikosi kinaandikiana.

"Sheria ya pili inasema, anayegusa saa, atoke. Tusingoje mchezo umtoe ututie aibu. Tumtoe wenyewe."

"Sijagusa kitu cha mtu," aliandika Fundi Friji.

"Cha mtu hujagusa, mzee wangu. Saa je?"

Swali lile lilimchoma Bi Mkasi, maana alimpenda mzee yule kwa adabu yake. Akamwandikia pembeni: "Fundi, nipigie picha kioo cha simu yako, na hilo onyo likiwemo. Usikate kitu."

Picha ikaja. Bi Mkasi akaikagua kama anavyokagua kola. Onyo lipo. Mtandao upo. Chaji imejaa. Juu pembeni pameandikwa 4:20. Naam, saa nne na dakika ishirini, ndiyo kwanza anashusha kikombe cha chai. Akaipita. Akaanza upya, akafika pale pale, akaipita tena. Mara ya tatu jicho likateleza kidogo juu ya picha, pale simu yake mwenyewe inapoandika saa. 10:31.

Akatazama juu, akatazama chini. Kumi juu, nne chini, zimepandana kama vifungo viwili kwenye shati moja. Alicheka mpaka pini alizozibana midomoni zikamwagika sakafuni, kisha akapiga simu.

"Fundi, simu yako saa hizi inasema ngapi?"

"Nne na nusu."

"Na ilipokuja ilikuwa inasemaje?"

"Ilikuwa na ubishi, Bi Mkasi! Binti yangu kanitumia simu mpya, nzuri, lakini watu wote tunasema saa nne, yenyewe inang'ang'ania kumi. Daktari kaniambia dawa saa mbili, natazama, nane. Nikasema, mimi sifundishwi saa na simu. Nikaiweka iseme kama watu wanavyosema."

"Kwa hiyo umeigusa."

"Nimeisahihisha."

Bi Mkasi akarudi barazani akaeleza yote. Akaongeza kwamba ameingia kwenye ghala la mzee: saa ile iko nyuma, si mbele, na ngano yake imeoza mara nane kwa kuchelewa kuvunwa.

"Kinyozi, umewahi kuona mwizi anayejipunja?"

"Sijawahi. Lakini sheria haikusema mwizi, imesema anayegusa. Na mwandiko ni wako."

Hapo alimpata. Uso ulimwiva Bi Mkasi. Aliiandika sheria ile kwa hasira, siku walipoibiwa mavuno ya wiki nzima, wala hakufikiria kwamba mtu anaweza kugusa saa kwa nia safi. Akafungua daftari, akapiga mstari mmoja mnene juu ya sheria ya pili, na chini yake akaandika: Anayesogeza saa mbele ili avune mapema, atoke. Akatuma picha ya ukurasa barazani.

"Niliiandika vibaya. Mkono ulikuwa wangu na kosa ni langu. Pigeni kura."

"Bi Mkasi kafuta!" aliandika Kinyozi. "Jamani, wino umefutwa! Mimi naafiki, tena wa kwanza. Ila mzee, ukija kunyolewa hapa uje na saa ya mkononi."

Wote waliafiki. Ikabaki simu yenyewe.

"Ingia kwenye mipangilio," Bi Mkasi akamwelekeza. "Tafuta saa. Iachie ijiweke yenyewe."

"Itarudi kusema kumi."

"Iache iseme. Wewe sema nne. Haikusikii."

Saa kumi ilipotimia Bi Mkasi alikuwa langoni, sare ya muuguzi fulani ikiwa bado imebanwa chini ya sindano. Ukaguzi ukapita. Ubavuni mwa jina la Fundi Friji hapakuongezeka kitu. Binti yake akaingia mbio.

"Baba! Upo?"

"Nipo. Ulidhani nitakwenda wapi? Chunga upande wako, wewe, askari wako wamelala!"

Bi Mkasi akawaacha wabishane nusu saa yao. Binti alipoaga, akamwita baba.

"Fundi, kesho kinaingia kikosini kikundi cha wageni watano, watu wazima watupu. Maswali yao ya saa sitayajibu mimi. Utayajibu wewe."

"Mimi? Nitawaambia nini?"

"Utawauliza kwanza simu zao zinasema ngapi, ndipo uwaambie. Nunua daftari lako, uyaandike. Na uanze na mmoja wao, mwashi, simu yake ina siku tatu tu tangu aifungue."