Kuposa Bashnet na Gari Linalogoma Likipata Moto

Tulitoka Bagara asubuhi kwa sababu moja: mdogo wangu Paskali alikuwa amepata mchumba Bashnet, na mimi, kaka mwenye gari na mdomo wa kupatana bei, ndiye niliyetakiwa kumsemea. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Gari langu halikuwa jipya. Likiwa baridi lilikuwa likiwaka mara moja. Likishapata moto, ukilizima, basi. Starta itazunguka, litakohoa, litanyamaza mpaka lipoe. Betri nilibadilisha. Plagi nilibadilisha, nikazihesabu mara mbili. Zote nne zilikuwepo.

Dareda tulinunua sukari ya kupeleka ukweni, injini ikiwaka nje ya duka.

"Broo, mnamkimbia nani?" muuza duka akauliza.

"Punguza bei kwanza, nikujibu."

Hakupunguza. Sikumjibu.

Mlima wa Bashnet ulilichemsha gari sawasawa. Tulipofika ukweni nikashuka na kuliacha likinguruma uani.

"Shikamoo, baba."

Baba Yasinta, baba wa binti, hakuitikia. Alilitazama gari. "Mmekuja kwangu, au mnapita?"

Paskali akanikanyaga mguu. Nikazima.

"Marahaba. Karibuni ndani."

Mzee alipotoka kidogo, Mama Yasinta alitumiminia chai, akanong'ona: "Wa kwanza walikuja kuposa gari linanguruma hapo nje mpaka wanaondoka. Baba aliwakatalia."

Tulieleza shida yetu. Mzee akasikiliza, akasema tutaletewa jibu siku nyingine. Paskali alinyong'onyea kama mboga ya jana.

Nje, starta ikazunguka, gari likagoma.

"Hilo nalo limekataa kuondoka?" mzee akauliza, akarudi ndani.

Nikafungua boneti. Nikaufuata mpira wa petroli kwa kidole toka kwenye pampu, nikaungua: ulikuwa umelalia ekzosi! Petroli ilikuwa inachemka humo humo na kugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Mama Yasinta akanipa kitambaa na maji ya baridi. Nikauviringishia mpira kitambaa kibichi, nikaufunga kwa waya mbali na ekzosi, nikasubiri. Nikajaribu tena. Likawaka.

"Twende, kaka, lisije likazima!" Paskali alikuwa ameshakaa kitini.

Nikageuka. Mzee alikuwa ametoa vigoda kivulini. Vitatu. Nikahesabu tena: vitatu.

Nikazima gari.

"Kaka!"

"Shuka."

Tukakaa. Tukaongea mahindi, ng'ombe, baridi ya huko juu. Jua lilipopinda, mzee akamgeukia mkewe.

"Hawa wamefika. Mwite Yasinta aseme mwenyewe kama anamtaka huyu."

Yasinta akaja, akasema anamtaka.

Tukashuka mlima na jibu letu. Nilichojifunza ni hiki: petroli haipendi kulalia moto, na injini inayonguruma uani mwa mtu inamwambia umeshaondoka.

Nangara, Paskali akaomba tumpitie shangazi tumpe habari. Tuliposimama uani kwake, kabla sijafungua mlango, alinyoosha mkono, akazungusha ufunguo, akazima mwenyewe.