Jina la Orlena Kwenye Wimbo

Ukimsifu Verlene Stidham kwa mkate wake wa mahindi, atakwambia umeungua upande mmoja. Ukimsifu kwa maua yake, atakwambia ni mvua tu. Kule milimani mashariki mwa Kentucky, Marekani, ndivyo walivyolelewa: mtu hajikwezi. Mgeni akiuliza jambo la sifa, unakana kwanza, yeye anashikilia, anauliza tena, ndipo unasema kweli huku umeinamisha macho. Adabu nzuri sana hiyo, na ndiyo iliyomponza.

Mwanawe wa pekee, Orlena, alichukuliwa na mafuriko ya kijito akiwa na miaka tisa. Verlene hakulia mbele za watu. Alitunga wimbo. Alichukua yale maneno aliyokuwa akimpigia mtoto kelele mlangoni kila jioni, "Orlena, vua viatu," akayatia sauti ya nyimbo za kale alizoimbiwa na bibi yake, zisizo na gitaa wala nini. Aliuimba miaka na miaka akiosha vyombo. Waliojua kuwa ni wake walikuwa wachache, na wengi wao wamekwisha kuzikwa.

Ndipo akaja Maren Colley, mwimbaji kutoka mji wa Nashville, na gitaa lake na kinasa sauti, akitafuta nyimbo za wazee kwa ajili ya albamu yake. Binti mstaarabu, tusimsingizie. Alikula maharage akaongezwa. Verlene alipomwimbia ule wimbo, machozi yakamtoka.

"Mama Verlene, huu ni wa nani?"

"Aa, wa zamani tu huo, mwanangu. Tumeukuta."

Tumeukuta! Jamani! Amezaa, amezika, ametunga, halafu tumeukuta! Lakini angesemaje? Aseme yeye ndiye mtunzi, mezani kwake mwenyewe, mbele ya mgeni? Ng'o. Akakaa akingoja kuulizwa tena. Maren akafuta machozi, akafungua ukurasa mwingine.

Albamu ikatoka siku ya Ijumaa, maana zote hutoka Ijumaa. Kaylin, binti wa kaka yake Verlene, akaja mbio na simu, wakakaa barazani wasikilize. Ikaanza fidla, ikaingia ngoma, halafu sauti tamu ya Maren: "Savannah, vua viatu."

"Rudisha," alisema Verlene.

Kaylin akarudisha. Savannah.

"Savannah ndiye nani?"

"Sijui, shangazi. Wameandika hapa ni wimbo wa jadi."

Verlene alimpigia Maren simu hapo hapo. "Yule ni mwanangu," alisema. "Orlena ni mwanangu. Wimbo nimeutunga mimi."

"Mungu wangu! Lakini Mama Verlene, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza mara moja."

"Kwani nilitakiwa kuuliza mara ngapi?"

Maren alianza kulia tena, maana machozi yake hayakuwa mbali. Akaeleza kwamba jina la Orlena lilikuwa linamkwama mdomoni akiimba, na nyimbo za jadi kila mtu hubadili kidogo. Akaahidi kuandikisha jina la Verlene kama mtunzi.

"Langu silitaki. Rudisha lake."

"Siwezi, mama. Imeshatoka. Watu wameshaushika."

Na kweli walikuwa wameushika. Redio zikaupiga, harusi zikaupiga. Ikafika Jumapili ya kupamba makaburi, watu wa bonde lote wamepanda kilimani na maua na vyakula vyao. Mke wa mchungaji mpya, Darla, mwanamke mwenye moyo mwema mno, alikuwa ameifundisha kwaya wimbo maalumu wa kwetu milimani. Wakasimama hatua chache tu kutoka kaburi la Orlena, wakaanza: "Savannah, vua viatu."

Verlene akapaza sauti juu yao wote: "Orlena!"

Kwaya ikasita. Darla akamsogelea, akamshika mkono. "Umekosea jina, dada Verlene. Hamna neno, sote tunasahau."

"Sijakosea!" Alikuwa anapiga kelele sasa, yeye ambaye hakuwahi kupiga kelele hata kwenye mazishi. "Wimbo wangu huu! Nimeutunga mimi, kwa kichwa changu, kwa ajili ya mwanangu!"

Watu wakatazama chini kwa aibu. Mtu hajigambi namna ile, tena makaburini. Kaylin alijua kila kitu, naye akatazama chini pamoja nao.

"Naelewa, mpenzi," alisema Darla, na kwa hakika alidhani anaelewa. "Wimbo mzuri ndivyo ulivyo. Kila mmoja wetu anauona ni wake."

Kisha akaigeukia kwaya, akawapa sauti, wakaanza upya tangu mwanzo, na safari hii hata waliokuwa wamekaa kwenye nyasi waliitikia: Savannah, Savannah.