Robota Jeupe

Juzi, nikipita mji wa Apple Valley, huku ughaibuni, nilikuta trekta limebeba robota la majani lililozungushiwa nailoni nyeupe. Nikasimamisha gari kando ya barabara.

Nilipokuwa mtoto, Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la ng'ombe, na mchana mmoja alinichukua nikamwone kazini. Trekta lake lilinguruma, likainamisha mkuki wa chuma uliokuwa mbele, likaelekea kwenye robota kama hilo. Kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka, maiti walizungushiwa sanda nyeupe hivyo hivyo.

"Baba, usiwadunge!" nilipiga kelele.

Alizima injini, akachana nailoni kwa kisu. Harufu ya majani yaliyochacha ikanijaa puani.

"Ni chakula cha ng'ombe, mwanangu," alisema, wala hakucheka.

Nilipokua ndipo Mama aliponiambia kwamba siku yake ya kwanza pale shambani, Baba naye aliomba wamfungulie robota moja aone kilichomo.